Gofu na Magofu: Kiwanja cha Ukingo wa Bahari Mombasa

Mwanafunzi mmoja wa hapa Dodoma, mzaliwa wa Kondoa ambaye hajapata kuiona bahari kwa macho yake, aliniuliza katika darasa la maana za maneno kama gofu ni neno moja au mawili. Alikuwa amesoma gazetini habari za mashindano ya gofu, na juma lile lile nilikuwa nimewasomesha habari za magofu ya Kilwa. Akadhani ama mchezo umepewa jina la majengo, ama majengo yamepewa jina la mchezo. Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu kilikatika njiani, maana nilikumbuka kwamba kipo kipande cha nchi ambacho, ukisimama juu yake, swali lile halina ujinga wowote.

Nilimjibu kama mwalimu wa lugha apaswavyo kujibu. Gofu la kwanza ni letu tangu kale: ni nyumba iliyoanguka dari zikabaki kuta, na wingi wake ni magofu. Husemwa pia gofu la mtu, yaani mtu aliyekondeshwa na maradhi hata ikabaki mifupa. Gofu ya pili imekuja na Waingereza, nao yaelekea waliipata kwa jirani zao ng'ambo ya maji, kwa kuwa Waholanzi walikuwa na neno kolf, maana yake fimbo. Neno hili la pili halikupata wingi kwetu. Hatusemi kwamba watu wamecheza magofu. Basi ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja, na ukitaka kuyajua, tazama upatanisho wake: gofu hili, gofu hii. Kijana akaridhika, akaketi. Mimi sikuridhika, na makala haya ndiyo mabaki ya jibu nililopaswa kumpa.

Kipande hicho cha nchi kiko Mombasa. Kusini mashariki mwa kisiwa, kati ya Ras Serani na kivuko cha Likoni, nchi hukatika ghafula. Hapana ufuko mpana wa mchanga wa kumpokea mtu; pana jabali la matumbawe lililosimama wima, na chini yake ndio mlango wa bandari ya Kilindini, ambapo meli kubwa hupita karibu hata mtu aliye juu ya jabali huweza kuwaona mabaharia wakitembea sitahani. Juu ya jabali imeota mibuyu minene ya zamani. Barabara ipitayo hapo iliitwa Azania zama za Waingereza. Leo huitwa Mama Ngina, na mwaka 2019 serikali ya Kenya iliutengeneza ukingo huo ukawa bustani ya mapumziko ya watu wote. Kando ya barabara hiyo kipo kiwanja cha Klabu ya Gofu ya Mombasa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911. Kina mashimo tisa, nusu ya hesabu ya kawaida ya mchezo huu, na atakaye kuitimiza 18 hana budi kuzunguka mara mbili.

Kabla ya mashimo palikuwa na mji upande huo wa kisiwa. Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu upande wa pili mwaka 1593, waliuandika mji huo kwa jina la Tuaca. Wenyewe walikuwa Wakilindini, ambao pamoja na Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, watatu katika wale Kumi na Wawili wa Mombasa. Kisiwa kimoja, basi, kilikuwa na miji miwili: Mvita, uliotazama bandari ya majahazi, na Kilindini, uliotazama kilindi ambacho jina lake lenyewe linakitaja. Baadaye Wakilindini walihama wakaenda kukaa karibu na wenzao wa Mvita, mji wao ukaachiwa mibuyu na popo. Mnara wa Mbaraki, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ungali umesimama upande huo wa Kilindini, na wapo watu waupelekeao ubani na marashi mpaka leo. Kwenye Ras Serani Wareno nao walikuwa na ngome ndogo iliyokwisha kuanguka. Msomaji aone basi jinsi mambo yalivyopangana: ukingo mmoja wa bahari, gofu hii katikati, na magofu yale huku na huku.

Lakini siwezi kueleza lililotokea Mombasa bila kueleza kwanza lililotokea Scotland, na naomba msomaji avumilie safari hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha jambo nisilolitazamia.

Waskoti wana neno links. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale, hlinc, lenye maana ya kilima au ukingo. Kwao ni jina la nchi ile isiyokuwa bahari wala shamba: vichuguu vya mchanga viachwavyo na mawimbi na kusukumwa na upepo, vikaota jani fupi jembamba. Nchi hiyo hailimiki. Kondoo huchungwa humo, sungura huchimba mashimo, wanawake huanika nguo, na kwa kuwa haina faida kwa bwana yeyote, huwa ya watu wote. Ndipo gofu ilipozaliwa. Mashimo ya mchanga ambayo leo mafundi huyachimba kwa makusudi ili kumtaabisha mchezaji, husemekana hapo mwanzo yalichimbwa na kondoo waliojibanza kuukimbia upepo. Mwaka 1457 Bunge la Scotland liliupiga marufuku mchezo huu pamoja na kandanda, kwa sababu watu waliacha kujizoeza upinde. Na mchezo haupigwi marufuku na bunge kama si mchezo wa watu wengi. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia muhuri hati iliyothibitisha haki ya watu wa mji wa St Andrews kucheza gofu juu ya linksi zao. Mji ulipofilisika mwaka 1797 nchi hiyo ikauzwa, wakaingia wafuga sungura, na kwa muda wa miaka 20 na zaidi palikuwa na ugomvi mkali kati ya wafuga sungura na wacheza gofu, ugomvi ambao ningependa mtunzi mmoja wa tamthilia za kuchekesha auchukue. Mwisho wake, mwaka 1894, mji uliipata tena nchi ile kwa sheria ya Bunge. Hata leo Uwanja Mkongwe wa St Andrews hufungwa siku ya Jumapili kwa wachezaji, ukawa mahali pa watu kutembea na mbwa wao.

Hilo ndilo nisilolitazamia. Mimi, kama wengi wa rika langu huku bara, nilikua nikidhani kwamba gofu ni mchezo wa ua na geti tangu kuzaliwa kwake. Sivyo. Ulizaliwa katika uwanda usiokuwa na mwenyewe, na ua uliujia njiani.

Uliupata wapi? Kwa upande wetu jibu liko katika reli na katika sheria. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Nyuma yake wakaja makarani wa serikali, maofisa wa reli, mawakala wa meli na walowezi, wengi wao Waskoti, na mtu ahamapo hubeba michezo yake kama abebavyo sufuria zake. Nairobi ilipata klabu ya gofu mwaka 1906, Mombasa miaka mitano baadaye. Katikati ya tarehe hizo mbili ipo tarehe ya tatu isiyoandikwa katika vitabu vya michezo. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila adaiye kipande cha nchi alete madai yake mbele ya afisa wa serikali na kuyathibitisha. Na nchi ambayo hakutokea wa kuthibitisha umiliki wake ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Sheria hiyo ilimfaa mtu mmoja mwenye karatasi moja. Haikuifaa jamaa iliyoishi kwa kauli ya wazee, ambayo mipaka yake ilikuwa mbuyu fulani na kaburi la fulani. Kwa desturi ya pwani, kuacha mji ukawa magofu si kuuacha usiwe wako: makaburi yamo, na mwenye makaburi anajulikana. Kwa sheria ya 1908 gofu lilikuwa nchi tupu. Katika tofauti hiyo ya tafsiri imo historia nzima ya pwani ya Kenya baada ya mwaka huo, na wanasheria hawajaimaliza mpaka leo.

Sasa niuendee mchezo wenyewe, kwa kuwa haitakuwa haki kumsema mtu bila kumpa nafasi ya kuonyesha kazi yake. Msomaji asiyeujua atosheke na haya: mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo, kutoka mahali pa kuanzia mpaka kwenye shimo lenye bendera, na mshindi ni aliyepiga mara chache zaidi. Jambo lenyewe huonekana jepesi mpaka ulijaribu. Mpira umelala, haumkimbii mtu, hakuna adui anayemsukuma. Kila kosa ni la mpigaji mwenyewe na la upepo.

Na upepo ndio bwana wa viwanja vya ukingo wa bahari. Huko Scotland hubadilika saa kwa saa. Mombasa hubadilika kwa miezi, na mabaharia wetu waliyapa mabadiliko hayo majina kabla ya mpira wa kwanza wa gofu kushuka bandarini. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba ni kusi, wenye nguvu zaidi, utokao baharini ukalikabili jabali kifua kwa kifua. Kati ya misimu hiyo ni tanga mbili, wakati wa upepo usio na msimamo. Alfajiri huvuma umande kutoka bara, mwepesi na wa baridi, kisha jua likipanda upepo wa bahari huja ukaufuta. Kwa hiyo shimo moja la Mombasa ni mashimo manne au matano kwa mwaka, na mawili kwa siku. Shimo lililokuwa la mapigo mepesi mwezi wa Februari, mwezi wa Julai humtaka mpigaji aelekeze mpira wake kwenye bahari tupu, akitumaini kwamba kusi itaurudisha. Asiyeamini hilo hupiga moja kwa moja, naye huuona mpira ukichukuliwa kando kama unyoya.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Mombasa kwa mkutano wa wanazuoni wa Kiswahili, nao ulipoahirishwa alasiri moja kwa kukosekana umeme nikaenda kutembea ukingoni. Ilikuwa Julai. Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mbuyu akiuza madafu.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe watoka Tanzania," akasema, kwa maana hao vijana wa kwao, alisema, hawaamkii hivyo.

Tukazungumza, nikajua kwamba utotoni, kabla ya uhuru, alichukua mifuko ya fimbo katika kiwanja kimoja cha pwani. Nikamwuliza alijifunza nini. Hakusema habari za Wazungu wala za mshahara, kama nilivyotazamia. Alisema habari za upepo. Upepo wa chini si upepo wa juu, alisema. Mchezaji mgeni hung'oa majani akayarusha ili aone yanakokwenda, lakini majani humwonyesha upepo wa magotini pake, nao mpira hauendi magotini. Karibu na jabali mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari ukigonga jiwe hupanda juu, hata aliyesimama ukingoni huona shwari ilhali juu ya kichwa chake mna mto uendao kasi.

"Bwana akiniomba fimbo, mimi sikuyatazama majani," akasema. "Nilitazama tanga za mashua kule mlangoni, kisha vilele vya minazi. Ndipo nikampa fimbo. Alipopata, alisema ni mkono wake. Alipokosa, alisema ni fimbo niliyompa."

Taabu ya pili ni jiwe. Mchanga wa Scotland ni mwororo na wenye kina. Unameza maji ya mvua, na mpira ukianguka hudunda kwa adabu. Mombasa udongo ni ngozi nyembamba iliyotandikwa juu ya matumbawe. Wakati wa kiangazi cha kaskazi ngozi hiyo hukauka, na mpira ukigonga mahali ambapo jiwe liko karibu huruka upande usiotazamiwa na mtu. Mvua za masika zikija, mahali pale pale huwa laini na mpira hulala ulipoangukia. Na bahari ipo muda wote. Kwingineko mpira uliopotea hutafutwa. Kwenye jabali la matumbawe mpira uliovuka ukingo umekwenda zake, na mchezaji hutozwa pigo la adhabu, akapiga mwingine huku moyo wake ukiwa bado unautazama wa kwanza. Mzee alinitajia taabu nyingine ambayo sikuikuta kitabuni: kunguru, huyu mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka, akaenea pwani nzima. Huudhani mpira kuwa yai, akauchukua. Kanuni za mchezo humruhusu mchezaji kuweka mpira mwingine palepale bila adhabu, ila sharti awe na hakika kwamba mwizi ni ndege. Nadhani kunguru wamesingiziwa mengi.

Taabu ya tatu, ambayo kwangu ni ya furaha, ni jani. Nyasi za linksi za Ulaya ni za baridi. Jua letu huziua. Kwa hiyo viwanja vya nchi za joto duniani kote hupandwa jani ambalo Waingereza na Wamarekani huliita jani la Bermuda. Jina hilo ni la uongo. Bermuda si kwao. Jani lenyewe ni ukoka, ukoka huu huu ambao mkulima wa Ugogo huulaani unapotambaa shambani mwake na ambao mbuzi wake humshukuru Mungu kwa ajili yake. Ni jani la Dunia ya Kale, na Afrika ni mojawapo ya nchi za asili yake. Mwaka 1960 wataalamu wa Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, walitoa aina mpya iliyotokana na ukoka kujamiishwa na jamaa yake wa Afrika Kusini, nayo ikaenea katika viwanja vya joto pande nyingi za dunia. Hivyo mchezo uliotoka Scotland ukafika Afrika haukuweza kusimama mpaka ulipotandikiwa mkeka wa wenyeji.

Nimeusifu upepo, na sasa sina budi kueleza jinsi ulivyotumiwa vibaya. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wizara ya Makoloni ilimtuma Profesa W. J. Simpson, bingwa wa mambo ya afya, azikague nchi za Afrika Mashariki kwa ajili ya tauni na malaria. Alishauri kwamba mitaa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika itengwe, na kati yake uachwe ukanda mtupu usiopungua yadi 300. Ukanda mtupu mjini ni kitu cha gharama, na serikali zilitafuta namna ya kuutumia bila kuujaza watu. Kiwanja cha michezo kilikuwa jibu zuri kupita kiasi: ni kikubwa, hakina nyumba, na wachezaji wake ni wachache. Unguja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, uwanja wa Mnazi Mmoja uliwekwa kuwa wa michezo, nao ulikuwa na kiwanja cha gofu cha Wazungu. Leo ni kandanda ichezwayo hapo. Dar es Salaam, kiwanja cha gofu cha Gymkhana kilitandazwa karibu na bahari, upande ule uliokuwa Uzunguni, na uwazi mwingine, ulioitwa pia Mnazi Mmoja, ukatenga Uhindini na Kariakoo. Mpango wa jiji ulioandikwa mwaka 1949 na kampuni ya Sir Alexander Gibb ulikuwa na jina tamu kwa nafasi hizo za wazi kati ya mitaa ya rangi mbalimbali: njia za upepo.

Njia za upepo! Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Hayasemi uongo, maana upepo ulipita kweli humo, na Dar es Salaam ni mji wa joto. Lakini si upepo uliotakiwa kupita. Ni watu waliotakiwa wasipite. Mtu wa Kariakoo aliyeajiriwa Uzunguni aliuvuka uwanda ule asubuhi na jioni, jua likimpiga utosini, katikati ya nchi iliyokuwa wazi kwa macho na imefungwa kwa miguu. Kitu kile kile, uwanda wa nyasi ukingoni mwa bahari, kiliwaunganisha watu wa St Andrews na kikawatenga watu wa miji yetu. Upepo, mchanga na chumvi vilivuka bahari salama. Haki ya kutembea Jumapili haikupakiwa melini.

Katika Kenya ya kikoloni vilabu vya Wazungu havikumpokea Mwafrika kuwa mwanachama. Vilimpokea kuwa mchukuzi wa mfuko, na kwa mlango huo mchezo ukaingia mikononi mwa watu ambao haukukusudiwa. Sio kwetu tu. Huko Durban, ufukweni mwa bahari hii hii ya Hindi, Sewsunker Sewgolum, Mhindi wa Afrika Kusini aliyejifunza gofu kwa kuchukua mifuko, aliishika fimbo kinyume cha mafundisho yote, mkono wa kushoto chini na wa kulia juu, na kwa mshiko huo alishinda mashindano ya taifa ya Uholanzi mara tatu. Mwezi Januari 1963 alishinda mashindano ya Natal katika kiwanja cha Durban kilichojengwa juu ya vichuguu vya mchanga wa pwani, akakabidhiwa kikombe chake nje, mvua ikinyesha, kwa kuwa ubaguzi wa nchi ile ulimkataza kuingia ndani ya jengo walimokuwamo wenzake aliowashinda. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia.

Mzee wa madafu hakuwa na kikombe. Nilipomwuliza kama yeye mwenyewe alicheza, alinyamaza kidogo, akaendelea kuchonga dafu. Kisha akasema walicheza, yeye na watoto wenzake watatu. Mipira waliokota maji yalipokupwa, chini ya jabali, iliyokwishageuka rangi kwa chumvi. Fimbo moja tu, ya mti, waliyoichonga wenyewe. Walicheza alfajiri, wakati wa umande, kabla ya mabwana kuamka, wala si ndani ya kiwanja: walikuwa na mashimo yao matatu katika kichaka cha jirani, na la tatu lilikuwa nyuma ya ukuta wa zamani, ambalo ndilo gumu, kwa sababu ulipaswa kuurusha mpira juu ya gofu bila kuona uendako.

Alisema gofu, na kwa muda nikawa sijui ni neno lipi. "Gofu la nini, mzee?" nikamwuliza. Akanitazama kama nimtazamavyo mwanafunzi asiyesoma. "La nyumba," akasema. "La watu waliokuwapo."

Ndilo jibu nililopaswa kumpa yule kijana wa Kondoa, nami sikumpa, kwa sababu kamusi halinalo.

Nimeulizwa na rafiki mmoja kwa nini mtu wa Dodoma, aliye mbali na bahari mwendo wa siku nzima kwa gari, ashughulike na viwanja vya pwani. Namjibu kwamba gofu iliwahi kupanda bara pamoja na maboma ya wakoloni, na huko juu, palipokosekana maji ya kumwagilia ukoka, wachezaji walimwaga mchanga kuzunguka shimo, wakauchanganya na mafuta machakavu ya injini ili usipeperuke, na kila kundi lilipomaliza, mtoto alikuja na ubao wa kuusawazisha. Katika Kiingereza chao sehemu hizo ziliitwa za kahawia, ilhali za Ulaya huitwa za kijani. Linksi zilirudi kuwa mchanga, kama zilivyoanza. Namjibu tena kwamba uwanda wetu huu, ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, una hewa nyepesi kuliko ya pwani, na mpira uliopigwa hapa ungekwenda mbali zaidi kuliko uliopigwa kwa nguvu zile zile Mombasa.

Lakini jibu langu hasa si hilo. Taifa lilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, mpango mkuu wa mji uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto mwaka 1976 ulichora makazi yaliyotenganishwa na nafasi nyingi za wazi, mji wa watu waendao kwa miguu. Ukiitazama ramani hiyo kwa mbali, na ukiitazama ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1949, utaona michirizi ya kijani inayofanana kati ya mtaa na mtaa. Tofauti haimo katika rangi ya ramani. Imo katika jambo dogo ambalo wachoraji hawana alama yake: kama mama mwenye ndoo kichwani anaweza kuukatisha uwanda ule akafika kwake, au anazunguka. Mji wetu unakua kwa kasi sasa, viwanja vinapimwa kila juma, na nafasi ya wazi ndiyo inayoonekana kuwa nchi tupu machoni pa mwenye kipimo. Hapa pia pana makaburi ya Wagogo chini ya mibuyu, na mibuyu yenyewe ni ile ile ya Mombasa.

Ninaandika haya mwezi wa Julai. Upepo umeanza saa nne asubuhi kama kawaida yake ya kiangazi, na vumbi limeingia darasani mpaka juu ya karatasi za mtihani. Wanafunzi husema ni upepo wa Dodoma. Ni kusi. Imetoka baharini, imepita juu ya pwani, ikaacha maji yake kwenye milima ya Uluguru na Ukaguru, na imetufikia kavu.